Siku Mama Mkubwa Alipopiga Yowe Gikomba

Mama mkubwa alikuja Kenya mara ya kwanza akiwa tayari ni bibi mwenye wajukuu. Alikuwa dada mkubwa wa mama yangu, mtu wa Tanga, na tangu mama aolewe na dereva wa malori na kuhamia mtaa wa Mbotela, Nairobi, ndugu hao wawili walikuwa wakionana kwenye misiba ya kwao tu. Baba alipofariki, mama mkubwa alisema sasa ni zamu yake kusafiri. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, mwezi wa Julai, na baridi ya Nairobi mwaka ule iligandisha mafuta ya nazi ndani ya chupa.

Mimi nilikuwa karani katika duka la vifaa vya ujenzi kando ya Jogoo Road. Mwaka ule ule nilikuwa nimeibiwa mara mbili. Mara ya kwanza walininyofoa mkufu shingoni mchana kweupe, watu wakitazama. Mara ya pili nilipigwa ngeta kwenye kichochoro cha Makongeni: mkono ulinizunguka koo kutoka nyuma, ukakaza, nikaamka nimelala kwenye maji machafu bila viatu. Tangu siku hiyo sikuweza kutembea bila kugeuka nyuma. Nilipoambiwa kwamba mama mkubwa anakuja, na nilivyomjua kwa mazungumzo yake na kwa dhahabu zake, nilianza kuogopa kabla hajapanda basi.

Kwa hiyo jioni ya kwanza, chai ikiwa bado moto, nilimkalisha kitandani nikampa maagizo.

"Mama mkubwa, hizo bangili vua. Na hereni. Na pete."

"Hii ya ndoa haitoki, binti yangu. Kidole kimeshanenepa."

"Basi geuza kito kiingie ndani ya kiganja."

Akageuza, akicheka. Nikaendelea. Hati ya kusafiria isikae kwenye mkoba. Ashone mfuko kwenye gaguro aiweke humo, maana askari wakimkuta hana karatasi atalala kituoni. Akipotea asimuulize mtu aliyesimama njiani, aingie dukani amuulize mwenye duka. Asitazame juu kwenye maghorofa. Mkoba aukumbatie kifuani kama mtoto mchanga. Na akisalimiwa na mtu asiyemjua, apite tu.

Hapo aliacha kucheka. "Nisalimiwe nisijibu? Mimi?"

"Salamu nyingine hapa ni za kukusimamisha, mwenzake akufanyie kazi nyuma."

"Haya, na jingine?"

"Wakikunyang'anya kitu, waachie. Na usipige yowe. Chochote kikitokea, usiite mwizi."

"Kwetu ukipiga yowe watu wanakuja."

"Hapa pia wanakuja, mama mkubwa. Ndiyo shida yenyewe. Wanakuja kuua."

Mama aliniambia ninyamaze, nisimtishe mgeni. Mama mkubwa alinywa chai yake, na nikaona kwamba yale ya mwanzo ameyashika, lakini hili la mwisho limepita hewani. Alikuwa mtu ambaye maisha yake yote, alipoita, majirani walitoka.

Baridi ndiyo iliyotupeleka Gikomba. Mama mkubwa alikuwa amekuja na khanga na buibui, na baada ya siku chache akawa anakaa karibu na jiko la makaa hadi magoti yake yanabadilika rangi. Alihitaji sweta. Jumamosi tulifunga duka adhuhuri, nikarudi nyumbani kumchukua. Nilitaka kwenda peke yangu nimchagulie, akakataa. Alisema hawezi kurudi Tanga akaulizwa ameona nini Nairobi ajibu ameona jiko.

Tuliingia sokoni kwa upande wa nguo. Marobota yalikuwa yamefunguliwa, watu wameinama juu ya marundo, wauzaji wamesimama juu ya meza wakiita. Nilimshika mkono kwa nguvu hadi akalalamika. Kila aliyetugusa nilimtazama usoni. Yeye alisalimia. Alimsalimia kila mtu, na la ajabu ni kwamba kila mtu alimjibu. Kufika kwenye meza ya sweta, muuzaji, mama mnene aliyefunga leso kichwani, alikuwa akicheka kila mama mkubwa anapofungua mdomo.

"Mama, wewe ongea tu, mimi nasikiliza. Kiswahili kama cha redio!"

Alimchagulia sweta ya kijani yenye vifungo vikubwa, akamvika mwenyewe juu ya buibui, akamfunga vifungo kimoja kimoja kama mtoto wa shule. Akamwambia akirudi kwao awasalimie wote. Mama mkubwa aligeuka akanitazama kwa jicho la kusema: hawa ndio uliokuwa unanitisha nao?

Tungerudi nyumbani hapo. Lakini mama alikuwa na mbuzi ya kukunia nazi iliyovunjika mguu, na mama mkubwa alitaka kumnunulia mpya. Tukashuka kwenye upande wa maseremala, kuelekea mtoni. Njia kule ni nyembamba, matope yamechanganyika na unga wa mbao, na mikokoteni inapita kwa kasi, wenyewe wakipiga mluzi ili watu wapishe. Mkokoteni uliobeba vitanda ulikuja nyuma yetu. Nikaruka kulia. Mama mkubwa akaenda kushoto. Mikono yetu ikaachana.

Haikuchukua muda wa kumeza mate. Mkokoteni ulipopita nilimwona amesimama, mkono mmoja juu, na kamba ya mkoba ikining'inia begani bila mkoba. Kisha akapiga yowe.

"Mwizi! Jamani, mwizi! Mwizi!"

Sauti yake ilikuwa kubwa na safi. Sijawahi kusikia mahali penye kelele pakinyamaza namna ile. Nyundo ziliacha kugonga. Halafu neno lile likarudi kutoka pande zote, "mwizi, mwizi", kutoka kwa watu ambao hawakuwa wameona lolote, na watu wakaanza kukimbia kuja, si kukimbia kwenda.

Kijana mmoja aliyevaa fulana nyekundu alikuwa hatua chache kutoka alipokuwa mama mkubwa. Labda alikuwa akikimbia, labda alishtuka kama sisi. Mtu alimnyooshea kidole, mwingine akamtega mguu, akaanguka. Nikaacha kumwona. Niliona migongo tu, na mikono ikipanda na kushuka. Niliyasikia mapigo. Yanafanana na mtu anayepiga godoro kutoa vumbi.

Nilimfikia mama mkubwa nikamshika sweta. "Twende! Twende sasa hivi!"

Hakusogea. Alikuwa akisema, "Basi, jamani. Basi, mwacheni," kwa sauti ya mtu anayeamua ugomvi wa watoto. Hakuna aliyemsikia. Nikamwona yule mama aliyemuuzia sweta. Alikuwa amekuja mbio kutoka kwenye meza yake, leso imemteleza kichwani, na mkononi alikuwa na jiwe. Alimwambia mama mkubwa, akihema, "Usijali mama, leo atajua." Uso wake ulikuwa ule ule mwema wa wakati akimfunga vifungo.

Halafu nikaliona tairi. Lilikuwa likija kutoka upande wa gereji, likibingirishwa na mwanamume aliyekuwa akiharakisha kama mtu wa kawaida anayepeleka mzigo kwa mteja. Watu walimpisha. Nilijua kinachofuata, kila mtu aliyekulia mitaa yetu ya Eastlands alijua. Mama mkubwa hakujua. Aliniuliza, "Hilo tairi la nini?" Akanitazama usoni, na nadhani ni hapo alipoelewa.

Aliniponyoka. Nilibaki nimeshika kifungo cha kijani. Aliinamisha kichwa akaingia kati ya ile miguu na mikono, mwanamke wa umri ule, na sekunde iliyofuata nilisikia sauti yake kutoka chini.

"Ni mwanangu! Mwanangu! Ni mwanangu!"

Jiwe lililokuwa limesharushwa lilimpata mgongoni, nililisikia. Kisha watu wa mbele wakaanza kuwasukuma wa nyuma, na nafasi ikafunguka. Mama mkubwa alikuwa amelala juu ya kijana yule, buibui limetanda juu yake, kichwa chake amekifunika kwa mikono yake miwili. Damu ilikuwa imeingia kwenye sweta mpya.

Mtu mmoja mrefu mwenye mpini wa jembe alisogea. "Mathe, toka hapo. Huyo ni mwizi."

"Ni mwanangu."

"Si ni wewe umeita mwizi?"

"Nimeita mimi, ndiyo. Mkokoteni ulikuwa unanikanyaga, akanivuta kwa nyuma. Mimi sikuona ni nani, nikaita. Macho ya utu uzima haya, baba. Nimewaita kuja kumpiga mwanangu mwenyewe." Na akalia. Kilio hicho hakikuwa cha kuigiza.

"Na mkoba wako?"

"Umeanguka. Utafutwe, usitafutwe, sijali. Mwanangu anatoka damu."

Watu walinung'unika. Nyuma mtu alisema kwa sauti kwamba mathe anadanganya, kwamba wezi siku hizi wanatembea na mama zao. Kicheko kikapita, kicheko kibaya. Mwenye tairi alikuwa amefika, amelisimamisha kando ya mguu wake, anasubiri.

"Kama ni mwanao," akasema yule mrefu, "anaitwa nani?"

Kijana alikuwa na jina, na labda hapo sokoni palikuwa na watu wanaolijua. Mama mkubwa akitaja lolote, tumekwisha.

Alinyanyua uso. "Mimi simtaji jina."

"Humtaji?"

"Ni jina la baba mkwe wangu. Tangu niolewe halijatoka mdomoni mwangu, na halitatoka leo kwa sababu yako. Namwita Baba. Muulize mwenyewe, kama mmemwachia mdomo wa kusemea."

Nilijua kwamba alichosema ni kweli nusu: mama mkubwa kweli hakuwahi kutaja jina la mkwewe, na mwanawe wa kwanza, aliyekuwa wakati huo kwenye bandari ya Tanga akipakua magunia, kweli alimwita Baba. Alikuwa amechukua ukweli wa mtoto mmoja akamfunika nao mwingine.

Seremala mmoja mzee kiasi, Mkamba, nilimjua kwa lafudhi yake, alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda chake na randa mkononi. Akasema bila kupaza sauti, "Hata kwetu ni hivyo. Mke hataji jina la mkwe. Mama yangu amekufa hajalitaja."

"Mzee, kaa nje ya hii maneno," mtu akamwambia.

"Mko mlangoni kwangu. Mtachoma mtu mbele ya mbao zangu?"

Ndipo yule mrefu akanigeukia. Sijui alijuaje kwamba niko nao. Labda ni kile kifungo cha kijani nilichokuwa nimekishika. "Na wewe? Huyu ni nani yako?"

Nilimtazama kijana. Jicho moja lilikuwa limefunga. La pili lilikuwa linanitazama kutoka chini ya mkono wa mama mkubwa, na ndani yake hakukuwa na ombi wala chochote, hofu tu, hofu ile niliyoijua nilipokuwa nimekabwa koo Makongeni. Nikafikiri: labda ni wewe ulinikaba. Nikafikiri: nikikosea neno moja, watatulaza watatu hapa.

"Ni kaka yangu," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto. "Mtoto wa mama mkubwa. Ametoka Tanga leo."

"Mnakaa wapi?"

"Mbotela."

"Sawa. Tutawapeleka hadi kwa nyumba. Tukifika huko hawamjui, tutarudi naye."

Waliofuatana nasi walikuwa wawili, yeye mwenye mpini na mwenzake aliyekuwa hasemi. Umati ulibaki, lakini nilisikia mtu akisema tairi liwekwe pale pale.

Tulitembea. Kutoka Gikomba tukapita Shauri Moyo, tukatokea Jogoo Road, na barabara ile niliyopita kila siku ya kazi sikuitambua. Mama mkubwa alikuwa amemshika kijana kiunoni, naye amemwegemea, anaburuta mguu. Mimi nilikuwa upande wa pili, sikuthubutu kumgusa. Wale wawili walikuwa nyuma yetu, karibu kiasi kwamba nilisikia mpini ukigonga lami kila baada ya hatua.

Na njia nzima mama mkubwa alimgombeza. "Nilikwambia usisafiri bila kula. Nilikwambia mji huu si kwetu. Ungefikia kwanza kwa mama yako mdogo ungepungukiwa nini? Sasa tazama. Nitamwambia nini baba yako?" Aliongea bila kupumzika, kwa sauti ya kusikika nyuma, na kijana alikuwa akiitikia "ndiyo mama" kwa midomo iliyovimba.

Mimi nilikuwa nikimfikiria mama. Alikuwa nyumbani, hajui lolote. Angefungua mlango aseme nini? Tulipofika karibu na soko la Burma nilijaribu kuongeza mwendo, nitangulie hata kidogo, nimnong'oneze neno moja.

"Wewe tembea na sisi," yule mrefu akasema.

Nikarudi. Jasho lilikuwa likinitoka na baridi ile. Kila tulipopishana na askari au mtu tunayemjua nilitamani kupiga kelele, na nilijua kwamba kelele ndiyo iliyotufikisha hapa.

Tulipoingia kwenye mistari ya nyumba za kanjo, zile za baraza la jiji, mama alikuwa nje akianua nguo kwenye kamba. Alituona tukiwa mbali. Alimwona dada yake ana damu kifuani, akamwona kijana, akawaona wale wawili. Shati likamdondoka.

Mama mkubwa hakumpa nafasi ya kuuliza. "Mdogo wangu, mpokee mwanao! Wamemuumiza mwanao!"

Nilifumba macho.

Na mama akapiga kelele, lakini haikuwa ya kushangaa. Alikuja mbio na mikono imefunguka, akamkumbatia kijana yule hadi wakayumba wote wawili, akilia, "Jamani Baba, jamani mwanangu, lini umekuja? Nani amekufanya hivi?" Alimshika uso kwa viganja vyote, akamwambia amekuwa mkubwa, amefanana na babu yake. Majirani wakatoka. Mama akawageukia, akawaambia huyu ni mtoto wa dada yake, alimwacha anatambaa.

Hakuwa anadanganya. Hilo ndilo lililotuokoa. Mama alikuwa hajamwona mpwa wake kwa miaka mingi mno, maana hata misibani hakuwahi kumkuta, na dada yake alipomwambia mpokee mwanao, alimwamini.

Yule mrefu alisimama kidogo. Uso wake ulilegea, akawa kama mtu aliyechoka tu. Aliomba maji. Mama, akiwa bado analia, alimletea kwenye kikombe chetu cha bati, naye akachutama akayanywa yote, akarudisha kikombe kwa mikono miwili. "Pole mama," akasema. "Tunaibiwa kila siku. Ndio maana." Wakaondoka. Nilitazama mpini wa jembe ukienda mpaka ulipokata kona.

Ndani, mlango ukiwa umefungwa kwa komeo, mama mkubwa alikaa chini sakafuni kama mtu aliyekatwa kamba. Akamwambia mama ukweli. Mama alikuwa ameshika bakuli la maji ya chumvi, anamsafisha kijana paji la uso. Mkono wake ulisimama. Alimtazama aliyemkumbatia, akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa kabati.

"Dada, umeniletea mwizi nyumbani kwangu? Sisi wanawake watatu?"

"Sijui nimekuletea nani. Nimeleta mtu aliyekuwa auawe kwa mdomo wangu."

"Ni yeye aliyekuibia?"

"Sikumwona aliyeniibia. Niliona mkono."

Tukamtazama wote. Chumba chetu kilikuwa kidogo, na yeye alikuwa kati yetu na mlango. Nilikiona kisu cha mboga juu ya meza, nikakisogeza taratibu nikakifunika na gazeti. Aliniona nikifanya hivyo.

"Dada, usiogope," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kusema chochote zaidi ya ndiyo mama. "Siwezi hata kusimama."

"Ulichukua?" nikamuuliza.

"Si mimi. Mimi nafungua marobota ya wenyewe pale juu, nilikuwa nimetumwa mbao." Alipumzika, akapumua kwa shida. "Lakini aliyechukua namjua. Wote pale wanamjua. Alikuwa amesimama kwa wale wanaonipiga."

Mama alikaa kitandani taratibu.

"Usirudi kule," kijana akaniambia mimi, si wao. "Na huyu mama asirudi. Sura zenu zimeonekana. Yule mwizi atadhani mmemwona hata kama hamkumwona."

Mama mkubwa alimuuliza kama anaumwa wapi zaidi. Alisema mbavu. Kisha akasema, akitazama sakafu, "Niliposikia naitwa mwanangu nilifikiri nimeshakufa. Mamangu alikufa nikiwa mdogo."

Mama alisimama, akachukua maji mapya, akaanza tena kumsafisha. Tulimpa chai ya tangawizi, akaimeza kwa taabu. Kabla jua halijazama aliomba aende, kwa sababu gizani asingeweza kujitetea. Mama alimpa shati la baba, ile fulana nyekundu tukaitia motoni. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akafuata upande wa reli, akishikilia ubavu.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko ile. Nilibadilisha njia ya kwenda kazini. Mtu akisimama kaunta akinitazama zaidi ya kawaida, niliingia stoo. Mtu akibisha mlango nyumbani, tulinyamaza wote watatu, mama anashika mkono wa dada yake, mpaka sauti ya jirani itambulike. Mama mkubwa alikuwa na alama nyeusi mgongoni ukubwa wa sahani, akawa anaswali ameketi. Hakusalimia tena watu. Alikaa karibu na jiko akiwa amevaa ile sweta tuliyoifua ikabaki na doa, na siku moja akaniambia, "Nikifumba macho naliona lile tairi. Yule mtu alivyokuwa analibingirisha. Hakuwa hata na hasira."

Alikatisha safari. Nilimsindikiza kupanda basi la Mombasa, ambako angeunganisha la Tanga. Tulifika mapema mno kwa sababu niliogopa kuchelewa, halafu nikaogopa kusimama. Hati yake ilikuwa kwenye gaguro, salama. Alipopanda alinishika kichwa kupitia dirishani, akanisomea dua kwa haraka, mimi nikitazama nyuma yangu muda wote.

Wiki kadhaa baadaye utingo wa basi lile alipita dukani kwetu na kapu la maembe mabichi na samaki mkavu. Alisema mama wa Tanga amefika salama, mgongo umepona, anawasalimu wote. "Na amesema," akaongeza, akijaribu kukumbuka vizuri, "msalimieni na mwanawe wa Gikomba. Mna ndugu Gikomba?"

Nikasema ndiyo.

Salamu zile zilinikaa kifuani. Jumamosi iliyofuata nilikwenda hadi pale soko linapoanzia, nikageuka nikarudi. Jumamosi nyingine vile vile. Mara ya tatu nilifunga leso usoni kama mwenye mafua, nikapitia upande wa mtoni ambako hakuna nguo, nikawa natembea nimeukumbatia mkoba, mpaka nikafika kwenye kibanda cha yule seremala. Alinitambua mara moja. Hakutaja lolote. Alivuta kigoda nikae, nikakataa.

Nilimuuliza kijana yuko wapi.

"Alihama," akasema. "Yuko Burma sasa, anabeba nyama. Mbavu zimeshika. Huwa anapita hapa nikiwa nafunga."

"Mwambie mama anamsalimu."

Aliweka randa chini. "Yule mama alikuwa mamake kweli?"

Njia ilikuwa na watu. Mkokoteni ulikuwa unakuja, mwenyewe akipiga mluzi, nikajibana kwenye ukuta wa mabati hadi ulipopita.

"Mwambie hivyo tu," nikasema. "Mama anamsalimu."

"Nitamfikishia," akasema, na akarudi kwenye mbao zake. Niliondoka kwa njia ya mtoni, haraka, bila kukimbia.